Michael Grzimek, Kijana Aliyewahesabu Wanyama wa Serengeti

Ukiondoka Karatu na kushika barabara iendayo Ngorongoro, utapita mashamba mpaka ufike lango la Lodoare. Kutoka hapo barabara hupanda katika msitu mzito wenye ukungu, hata ufike ukingoni mwa kreta, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Kando ya barabara hiyo ya ukingoni limejengwa kaburi la mawe lenye umbo la piramidi. Hapo wamezikwa baba na mwanawe. Mwana ndiye aliyetangulia, naye alikuwa na umri wa miaka 24 tu. Katika somo hili utajifunza habari za kijana huyo, na jinsi kazi aliyoianza inavyowasaidia wahifadhi wa wanyamapori hata leo.

Michael Grzimek alizaliwa Ujerumani mwaka 1934. Baba yake, Profesa Bernhard Grzimek, alikuwa daktari wa mifugo na mkuu wa bustani ya wanyama ya mji wa Frankfurt. Kwa hiyo Michael alikua akiwatunza wanyama na kuwapiga picha.

Wakati huo nchi yetu iliitwa Tanganyika, nayo ilitawaliwa na Waingereza. Serengeti ilikuwa imefanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na Ngorongoro ilikuwa sehemu yake. Ndani ya hifadhi hiyo waliishi Wamasai na mifugo yao. Serikali ilikusudia kubadili mipaka na kuitenga Ngorongoro. Lakini mipaka ipitishwe wapi? Ili kulijibu swali hilo, ilipasa kujua wanyama ni wangapi na huhamia wapi majira yanapobadilika. Hakuna aliyejua. Wengine walikisia kwamba wanyama wakubwa wa Serengeti walizidi milioni moja. Kumbuka, mwanafunzi, kwamba kukisia si kujua.

Baba na mwana walijifunza kuendesha eropleni. Mwishoni mwa mwaka 1957 waliruka kutoka Ujerumani mpaka Afrika Mashariki kwa eropleni ndogo iliyopakwa milia kama pundamilia. Mwanzoni mwa mwaka 1958 walianza kuhesabu. Waliigawa mbuga katika sehemu, kisha wakaruka chini chini, wakienda na kurudi kwa mistari iliyo sambamba. Watazamaji walihesabu wanyama upande wa kulia na wa kushoto. Hesabu yao ilikuwa wanyama 366,980. Kati yao nyumbu walikuwa 99,481 na pundamilia 57,199.

Kazi haikuishia hapo. Waliwakamata baadhi ya wanyama na kuwavika kola za rangi shingoni, ili waonekane kutoka angani popote waendapo. Walikusanya pia majani na udongo, wapate kujua kwa nini makundi hupenda malisho fulani na kuyaacha mengine. Waligundua kwamba kwa sehemu ya mwaka makundi makubwa hukaa nje ya mipaka mipya iliyokusudiwa. Mnyama hafuati mstari wa ramani, hufuata mvua na majani.

Tarehe 10 Januari, 1959, Michael alikuwa akiruka peke yake. Tumbusi, ndege mkubwa alaye mizoga, aligonga bawa la eropleni. Eropleni ilianguka na Michael akafa papo hapo. Alizikwa ukingoni mwa kreta. Baba yake aliendelea na kazi kwa huzuni. Filamu waliyoitengeneza pamoja ilipata tuzo kubwa ya Marekani mwaka 1960, na watu wa nchi nyingi wakaijua Serengeti. Profesa alifariki mwaka 1987, na majivu ya mwili wake yakaletwa Ngorongoro, yakazikwa kando ya mwanawe.

Mwaka huo wa 1959 mipaka ilibadilishwa. Wamasai walihamishwa kutoka Serengeti, wakapoteza malisho na visima vyao vya zamani. Ngorongoro ikawa eneo la pekee, ambamo waliruhusiwa kuishi na mifugo yao pamoja na wanyamapori. Jinsi ya kuwatendea haki watu na wanyama pia ni jambo linalojadiliwa hata leo.

Je, hesabu ya Michael ilikuwa sahihi kabisa? La. Hesabu nyingine ya mwaka 1961 ilipata nyumbu zaidi ya 200,000, na yamkini wengi hawakuonekana hapo kwanza. Hata hivyo, aliyeanza ndiye aliyewapa wengine kitu cha kulinganisha. Hesabu zilipoendelea, wataalamu waliona nyumbu wakizidi milioni moja katika miaka ya 1970. Walipotafuta sababu, waligundua kwamba ng'ombe walikuwa wamechanjwa dhidi ya sotoka. Ugonjwa huo ulipokwisha kwa ng'ombe, nyumbu nao waliacha kuupata, na ndama wao wengi zaidi wakaishi. Bila hesabu, jambo hilo lisingejulikana.

Leo wahifadhi wa Ngorongoro na Serengeti huwalinda wanyama dhidi ya majangili na kung'oa mitego ya waya. Watafiti nao huwahesabu wanyama, mara nyingi kwa eropleni. Hesabu ikipungua, hutafuta chanzo mapema.

Jaribio
Chora mstatili mkubwa uwanjani na uugawe katika vipande kumi vilivyo sawa. Mwombe mwalimu amwage humo punje za mahindi alizozihesabu. Kwanza kisia idadi yake. Kisha kila kikundi kihesabu kipande chake, nanyi mjumlishe. Linganisha majibu hayo na idadi ya mwalimu.

Maswali
1. Punje iliyo juu ya mstari ihesabiwe na nani? Kwa nini ni lazima mpatane kabla ya kuanza?
2. Kola za rangi zilisaidia nini?
3. Eleza jinsi chanjo ya ng'ombe ilivyowasaidia nyumbu.
4. Kwa nini hesabu moja haitoshi?