Mama Mwilu Marie, aliyebaki Nkamba



Tunapoandika familia zinazorudi, tunaanza na jina la baba. Mama anaingia tu ndani ya hesabu ya watu wa nyumba. Lakini sisi tunaotumika na waliorudi tunajua vile inaendaka: mtu akishuka na mizigo yake, haulizi kwanza habari ya nyumba. Anauliza nani amebaki. Njo maana safari hii tunaeleza maisha ya mama mmoja aliyebaki.

Jina la Simon Kimbangu kila mtoto wa shule katika Kongo analijua. Tangu 2023, tarehe 6 Aprili ni siku ya mapumziko nchi nzima kwa ajili yake. Jina la bibi yake, Mwilu Marie, nje ya Wakimbangu wenyewe ni wachache wanaolitaja.

Wote wawili walikuwa watu wa Kongo ya Chini, upande wa Nkamba, na walibatizwa mwaka 1915 kwa wamisionari Wabatisti wa Kiingereza wa Ngombe-Lutete. Walizaa wana watatu: Kisolokele mwaka 1914, Dialungana 1916, Diangienda 1918. Katika Aprili 1921 Kimbangu akaanza kuhubiri na kuombea wagonjwa, na watu wakaacha mashamba na kazi za wazungu ili waende Nkamba. Hebu fikiri mugini mdogo unaojaa wageni kila siku, miezi mitano. Mama wa nyumba hiyo alikuwa na kazi ya namna gani? Vitabu vinaeleza mahubiri ya bwana. Habari ya maji, kuni na chakula cha wageni wote hao haina kurasa nyingi.

Leta ya Wabeleji iliogopa. Katika Septemba Kimbangu akashikwa, na tarehe 3 Oktoba 1921 baraza la kiaskari huko Thysville, leo Mbanza-Ngungu, likamkatia hukumu ya kifo na viboko 120. Mfalme Albert aligeuza kifo kuwa kifungo cha maisha. Wakamleta huku kwetu Katanga, katika buloko ya Elisabethville, zaidi ya kilomita 1,500 toka kwao. Toka Likasi mpaka kule ni mwendo wa kilomita kama 120 tu. Alikaa ndani miaka 30 na akafia humo tarehe 12 Oktoba 1951. Yeye na Mwilu hawakuishi tena katika nyumba moja.

Mwilu alibaki na mtoto mdogo wa miaka mitatu hivi, na macho ya Leta juu yake. Wana wawili, Kisolokele na Diangienda, walisomeshwa Boma, katika shule ya wakoloni, mbali na mama. Dialungana akabaki naye. Dini ya bwana yake ilikatazwa: kuomba pamoja, kuimba, kwenda Nkamba, yote yalikuwa makosa ya kufungwa. Wafuasi walihamishwa kwa nguvu na kutupwa mbali, wengine mpaka Lowa na Ekafera. Kanisa linahesabu vichwa vya familia 37,000. Wako watafiti wanaopunguza hesabu hiyo, lakini hata ukiikata nusu, ni watu mingi sana waliotolewa kwao.

Katika miaka hiyo yote Mwilu njo alikuwa mlango. Watu walimfikia kwa siri, usiku, na yeye aliwapokea, akawasikiliza, akaomba pamoja nao, akawatuma kwa wengine. Wazee wa kanisa wanasema wazi kwamba yeye njo aliongoza kazi wakati wa kujificha. Hakuna aliyemlipa. Hakuwa na ofisi, hakuwa na cheo ambacho Leta ingeweza kukifuta, na mimi naona labda hiyo njo ilimlinda: wakoloni walitafuta manabii wanaume, kumbe kamba yenyewe ilikuwa mkononi mwa mama anayelima na kulea. Wanawake walikuwa katika kazi hiyo tangu mwanzo; Mikala Mandombe alikuwa kati ya wasaidizi wa Kimbangu wa 1921, na leo kanisa hilo lina wachungaji wanawake.

Wanaotuletea misaada hutuuliza mara nyingi chama kinajengwa na nini. Wanataka kusikia habari ya vikao na mihuri. Vinahitajika, ndiyo. Lakini hapa kwetu pia kuna mama ambao wanapokea familia ya tatu ndani ya chumba kimoja, wanagawa unga, wanapeleka mgonjwa wa jirani hospitali, na daftari letu halina mstari wa kazi hiyo. Kuanzia sasa tutauweka.

Mwisho wa miaka ya 1950 waliohamishwa walianza kurudi makwao. Walikuta kanisa lipo, na watoto wa Mwilu wamekuwa watu wazima tayari kulisimamisha, Diangienda akiwa kiongozi. Mama mwenyewe alikufa tarehe 27 Aprili 1959. Miezi minane baadaye, tarehe 24 Desemba, Leta ikalitambua kanisa. Katika Aprili 1960 mabaki ya bwana yake yakatolewa Elisabethville na kurudishwa Nkamba. Watoto watatu njo waliyapokea.