Prefontaine: Wa 53 shuleni, mfalme wa nyika

NAFASI ya 53. Kwenye mbio za nyika za shule za sekondari, mtoto anayemaliza wa 53 hapigwi picha. Anakunywa maji, anavaa sweta, anapanda basi la shule na Jumatatu hakuna anayemuuliza kitu. Hiyo ndiyo nafasi aliyoshika Steve Prefontaine kwenye mashindano ya jimbo la Oregon, Marekani, mwaka wake wa kwanza sekondari. Miaka miwili baadaye hakukuwa na mwanafunzi jimbo zima wa kumkamata.

Alizaliwa Januari 25, 1951 Coos Bay, mji mdogo wa bandari kwenye pwani ya Pasifiki, mji wa magogo, meli na watu wa mikono migumu. Baba yake, Raymond, alikuwa seremala na fundi wa kuchomelea vyuma. Mama yake, Elfriede, alikuwa fundi cherehani, Mjerumani aliyekutana na Raymond wakati huyo mwanajeshi yuko Ujerumani. Nyumba haikuwa ya njaa, lakini haikuwa ya mchezo pia.

Coos Bay ilikuwa na mchezo wake mkubwa, nao ni mpira wa Kimarekani, ule wa kuvaa helmeti na kugongana vifua. Kijana asiyecheza huo hakuwa na jina mtaani. Steve alijaribu. Tatizo lilikuwa mwili: alikuwa mfupi, mwepesi, wa kurushwa pembeni kwa bega moja tu. Alijaribu na mpira wa kikapu, nako hali ikawa ileile. Kwa lugha ya mashabiki wa soka, alisugua benchi mpaka akalizoea.

Akiwa pale mazoezini alikuwa akiwaona vijana wa mbio za nyika wakipita pembeni mwa uwanja, siku baada ya siku, wakielekea nje ya mji. Mwanzoni aliona ni kazi ya watu waliokosa cha kufanya. Baadaye akagundua kwamba kwenye masafa marefu wale wakubwa waliokuwa wakimrusha hawamuwezi. Alipoingia sekondari ya Marshfield mwaka 1965, akajiunga na timu ya nyika.

Kocha pale alikuwa Walt McClure, mtu aliyewahi kukimbia Chuo Kikuu cha Oregon chini ya Bill Bowerman, kocha ambaye jina lake litarudi mbele. McClure hakuwa mwalimu wa kushika tu filimbi na kuwahi nyumbani. Alijua mazoezi, na alijua kumsoma mtoto.

Kwa asiyeujua mchezo huu, nyika haina tofauti sana na ligi, ila hesabu yake imepinduliwa. Shule inapeleka wakimbiaji saba. Watano wa kwanza ndio wanaohesabiwa: wa kwanza kufika ana pointi moja, wa kumi ana kumi, na kadhalika. Unajumlisha. Timu yenye pointi chache ndiyo bingwa. Kwa hiyo hata aliyemaliza wa 53 ana mchango, na aliyelegea mita 20 za mwisho akapitwa na watu wanne anaweza kuwa amewauza wenzake. Hakuna refa wa kulaumiwa. Karatasi inabandikwa ukutani na kila mtu anaona nafasi yake.

Karatasi ya kwanza ya Prefontaine iliandika 53. Ya mwaka uliofuata iliandika 6. Huo ni mruko mkubwa, na vijana wengi wangeridhika hapo, kwani wa sita jimbo zima ukiwa bado kidato cha chini si haba. Lakini msimu uleule ulipohamia uwanjani, kwenye mbio za maili mbili, alishindwa hata kufuzu kwenda mashindano ya jimbo. Wa sita kwenye nyika, halafu nje kabisa kwenye uwanja. Hili ndilo lililomuuma kuliko ile 53.

Alichofanya baada ya hapo ndiyo sababu anasimuliwa mpaka leo. McClure alimpa mwongozo wa mazoezi ya likizo, yeye akaufuata kama anayedaiwa. Alikimbia majira yote ya joto, wakati wenzake wako ufukweni. Shule zilipofunguliwa alirudi mtu mwingine. Msimu wa nyika wa mwaka 1967 hakupoteza hata mbio moja, na akachukua ubingwa wa jimbo. Wa 1968 ukawa hivyohivyo. Kutoka 53, kwenda 6, kwenda 1, kisha 1 tena. Kwenye soka kuna timu inapanda daraja na kushuka msimu unaofuata. Huyu alipanda akafunga mlango.

Msimu wake wa mwisho shuleni, mwaka 1969, alikwenda Corvallis akiwa na lengo la kukimbia maili mbili kwa dakika 8 na sekunde 40. Alimaliza kwa 8:41.5. Kwa hesabu yake alikosa sekunde moja na nusu. Kwa hesabu ya Marekani nzima alikuwa amevunja rekodi ya taifa ya wanafunzi wa sekondari kwa karibu sekunde saba. Mwaka huohuo, kijana wa miaka 18, aliingia kwenye mashindano ya taifa ya wakubwa, mbio za maili tatu, akawa wa nne na kuitwa timu ya taifa iliyokwenda Ulaya.

Vyuo vikuu vilimgombania kama klabu zinavyomgombania straika mwenye mabao 20. Vinavyofika 40 vilibisha hodi. Bowerman wa Oregon hakumpigia magoti. Alimwandikia barua fupi ya kumhakikishia kuwa akienda Oregon atakuwa mkimbiaji bora wa masafa duniani. Kijana akaenda. Huyu Bowerman ndiye aliyeanzisha na Phil Knight kampuni ya viatu ambayo baadaye iliitwa Nike, ile ambayo alama yake iko kwenye jezi za nusu ya dunia ya soka. Mazoezi ya kila siku yalisimamiwa zaidi na msaidizi wake, Bill Dellinger, mshindi wa shaba ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964.

Chuoni shule ilianza upya. Kwenye ubingwa wa nyika wa vyuo vya Marekani mwaka 1969, New York, alimaliza wa tatu, nyuma ya Gerry Lindgren na Mike Ryan. Kumbe kuna watu. Mwaka uliofuata, Williamsburg, Virginia, alikuwa bingwa.

Siku hiyo ya ushindi wake, Oregon walikosa ubingwa wa timu kwa pointi moja tu. Villanova walipata 85, Oregon 86. Nahodha wa vita amefika wa kwanza, hakuna zaidi ya hapo anachoweza kufanya kwenye hesabu, na timu bado imelala kwa sababu mtu mmoja mahali fulani katikati ya kundi amepitwa na mtu mmoja. Shabiki aliyewahi kupoteza ubingwa kwa tofauti ya mabao anaelewa. Mwaka 1971, Knoxville, Prefontaine alishinda tena, na safari hii Oregon wakabeba kombe. Mwaka 1973, Spokane, alikutana na Mwingereza Nick Rose wa Western Kentucky, aliyefungua pengo kubwa kiasi cha watu kuanza kuamini ngoma imeisha. Prefontaine akamvuta polepole, akampita, akachukua taji la tatu. Oregon nao wakawa mabingwa tena.

Uwanjani aliweka historia nyingine: ubingwa wa vyuo wa maili tatu au mita 5,000 miaka minne mfululizo, kuanzia 1970 hadi 1973. Ule wa kwanza aliukimbia na nyuzi mguuni, baada ya kujichana kwenye ubao wa kurukia bwawa la hoteli siku chache kabla.

Mtindo wake ulikuwa mmoja. Alikaa mbele na kuvuta. Wale wanaojificha nyuma mpaka mzunguko wa mwisho, kisha wanachomoka, aliwaona kama timu inayopaki basi na kusubiri penalti. Mashabiki wa Eugene walimpenda kwa hilo. Hayward Field ilijaa, watu wakavaa fulana zenye jina lake na kuliimba la mkato, Pre. Ndo maana haikuwa ajabu sura yake kutokea kwenye jalada la jarida la Sports Illustrated akiwa na miaka 19.

Kisha ikaja Munich, 1972. Alifuzu kwa rekodi ya Marekani, 13:22.8, akiwa na miaka 21. Michezo hiyo ilitiwa doa la damu: wanamichezo na makocha 11 wa Israeli waliuawa baada ya kutekwa, mashindano yakasimama, kisha yakaendelea. Fainali ya mita 5,000 ilipigwa Septemba 10.

Ilianza taratibu mno, kitu alichokichukia. Mbele yake walikuwepo Lasse Viren wa Finland, aliyekuwa ameshatwaa mita 10,000 kwa rekodi ya dunia licha ya kuanguka katikati ya mbio, na Mohammed Gammoudi wa Tunisia, bingwa wa 1968, yule aliyewazuia Wakenya Kipchoge Keino na Naftali Temu kule Mexico. Zikiwa zimebaki raundi nne, Prefontaine akashika usukani na kuchochea moto. Kundi likachanika. Raundi ya mwisho wamebaki wachache. Viren akapita. Gammoudi akapita. Prefontaine akajibu, akazuiwa, akajibu tena. Hakukimbilia fedha wala shaba, alitaka ile moja tu. Kwenye mita za mwisho kabisa miguu ilikwisha, na Ian Stewart wa Uingereza akampita kama mtu anayepita nguzo ya umeme. Wa nne.

Watu wamebishana miaka yote kama alicheza vibaya. Ukweli ni kwamba angetulia, medali ilikuwepo. Lakini pia mbio zilikwenda kwa mwendo wa wengine kwa zaidi ya nusu, na kasi yake ya kumalizia haikuwahi kuwa silaha kubwa. Kama ilikuwepo namna ya kumpiga Viren, ilikuwa ni kuanza kumchosha mapema kuliko vile. Hilo ndilo somo la karatasi ya Munich, na kulifanyia kazi kulihitaji Olimpiki nyingine. Montreal, 1976.

Alirudi nyumbani akiwa ameumia, kisha akaanza tena. Aliishi kwenye nyumba ya trela, akigombana na chama cha riadha cha Marekani ambacho kiliwakataza wanariadha wa ridhaa kulipwa huku kikijaza viwanja kwa majina yao. Alikataa ofa ya dola 200,000 ya kwenda kwenye mbio za kulipwa, kwa kuwa angeichukua, Olimpiki ingekuwa basi. Nike walimpa ajira ndogo. Mwaka 1974 alikimbia mita 10,000 kwa 27:43.6, rekodi nyingine ya Marekani.

Mwaka 1975 aliwaalika Wafini waje kushindana Oregon, kwa mpango wake mwenyewe. Viren hakuja. Mei 9 msafara ulifika Coos Bay, na mbele ya watu waliomjua tangu anasugua benchi akavunja rekodi ya Marekani ya mita 2,000 kwa 5:01.4. Mei 29, Hayward Field, akashinda mita 5,000 kwa 13:23.8 dhidi ya Frank Shorter, bingwa wa marathoni wa Munich.

Usiku huo kulikuwa na sherehe. Alimpeleka Shorter alikofikia, akashuka na gari lake dogo kwenye barabara ya kilimani ya Skyline. Muda mfupi baada ya saa sita usiku, Mei 30, gari liligonga mwamba na kupinduka, likamlalia. Polisi walisema damu yake ilikuwa na pombe kupita kiwango cha sheria, na wapo waliolipinga hilo. Alikuwa na miaka 24. Alikufa akiwa anashikilia rekodi za Marekani kuanzia mita 2,000 hadi 10,000.

Montreal ilipofika, Viren alichukua tena mita 5,000 na 10,000. Uwanja ulikuwa na mapengo mengi. Tanzania na Kenya walikuwa miongoni mwa waliosusa kwa sababu ya ziara ya raga ya New Zealand Afrika Kusini, hivyo hata Filbert Bayi, mwenye rekodi ya dunia ya mita 1,500, alibaki nje.

Eugene, siku chache tu baada ya kifo chake, mashindano ya Hayward Field yalipewa jina la Prefontaine, nayo yapo mpaka leo. Hapo ndipo Beatrice Chebet wa Kenya alipokuwa mwanamke wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 29, mwaka 2024, na mwaka 2025 akawa wa kwanza chini ya dakika 14 kwenye mita 5,000. Siku hiyohiyo Faith Kipyegon akashusha rekodi yake ya mita 1,500.

Coos Bay nao wana mbio zao, kilomita 10, kila Septemba. Zinapita kwenye vilima alivyofanyia mazoezi akiwa mwanafunzi, na mstari wa kumalizia uko kwenye uwanja wa sekondari ya Marshfield.