Niels Stensen na Meno ya Papa

Katika Matendo ya Mitume sura ya 28 twasoma jinsi Mtume Paulo alivyozongwa mkononi na nyoka katika kisiwa cha Melita, yaani Malta, asipate dhara. Katika miamba ya kisiwa hicho hupatikana vijiwe vya pembe tatu vinavyong'aa. Zamani watu walisadiki kuwa ni ndimi za nyoka waliolaaniwa na Paulo, wakavivaa ili kujikinga na sumu.

Aliyesaidia sana kuonyesha ukweli ni Niels Stensen, aitwaye pia Steno. Alizaliwa Copenhagen, Denmark, mwaka 1638, mwana wa sonara Mlutheri. Alisomea udaktari huko na Uholanzi, akawa hodari wa kupasua na kuchunguza viungo.

Mwezi wa Oktoba 1666 wavuvi walivua papa mkubwa mno karibu na Livorno, Italia. Mtawala wa Toscana, Ferdinando wa Pili, akaagiza kichwa chake kipelekwe Florence kwa Stensen. Alipokipasua aliona safu za meno, moja nyuma ya nyingine, yale ya ndani yakiwa bado laini chini ya ufizi. Akayalinganisha na vile vijiwe: umbo lilikuwa moja.

Wengine walikwisha kusema hivyo, akiwamo Fabio Colonna mwaka 1616. Lakini wengi walishikilia kuwa vijiwe huota ndani ya mwamba. Stensen akatafakari: kitu kiotacho ndani ya mwamba mgumu hakina budi kuupasua, au kupindika kama mzizi uliobanwa. Vijiwe havikupindika. Basi meno yalizama katika tope laini, nalo likawa gumu baadaye. Aliyachapisha hayo mwaka 1667, bila kujidai kuwa amemaliza shauri. Mwaka 1669 akafundisha kuwa tabaka la chini hutangulia lile la juu. Wanajiolojia hutumia kanuni hiyo hata leo.

Mwaka 1667 alijiunga na Kanisa Katoliki, akawa padre mwaka 1675 na askofu mwaka 1677. Alihudumu Ujerumani ya kaskazini katika umaskini mkubwa, akafariki Schwerin mwaka 1686, mwenye umri wa miaka 48. Mwaka 1988 Kanisa lake lilimtangaza kuwa Mwenye Heri.

Stensen hakupunguza neno lolote katika habari ya Paulo. Kilichoanguka ni hadithi ambayo watu waliiongeza juu yake. Nasi tusiogope kuchunguza kazi za Mungu, kwa maana ukweli hauwezi kumdhuru aliyeuumba.