Karen Carpenter: Sauti tamu iliyochelewa kupata tiba

Kabla ya dunia kuijua sauti yake, Karen Carpenter alikuwa mpiga ngoma. Alizaliwa Machi 2, 1950, mjini New Haven, Marekani, na mwaka wa 1963 familia yao ikahamia California. Yeye na kaka yake Richard waliunda kundi la Carpenters, na kufikia 1970 wimbo wao ulishika nambari moja kwao.

Umaarufu ulimtoa nyuma ya ngoma, akawekwa mbele ya kamera. Hapo hamu ya kupunguza mwili ikakosa breki. Mwaka wa 1975 alidhoofika hadi ziara za Uingereza na Japani zikafutwa. Enzi hizo wengi hawakuwa wamesikia hata jina la anoreksia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu ajinyime chakula na kujiona mnene hata mbavu zikihesabika. Karen aliendelea kujiongezea dawa za kuharisha.

Ni 1982 tu ndipo alipoenda New York kutafuta mtaalamu. Septemba alilazwa, akalishwa kupitia mshipa. Uzito ulirudi kiasi, lakini moyo ulikuwa umeshaumia. Alifariki Februari 4, 1983, akiwa na miaka 32. Kifo chake ndicho kilichofanya watu wengi waanze kuuzungumzia ugonjwa huo waziwazi.

Sasa njoo hapa kwetu Kwale. Kwa kijana wa Ukunda, kamera iko mfukoni, na kila wikendi picha za ufuo wa Diani zinamiminika. Kutaka kupendeza si ugonjwa. Lakini ukikwepa kula na wenzako, ukijitapisha, au ukimaliza saa nzima kwenye kioo kwa kasoro ambayo wengine hawaioni, hayo si maringo wala si jini. Yanahitaji kupimwa.

Hospitali ya rufaa ipo Msambweni. Mhudumu anaweza kukupima uzito, mapigo ya moyo na damu, ili ajue kama kukonda kunatokana na kisukari, TB au maradhi mengine. Atakuuliza pia unavyokula na unavyojiona. Mjibu ukweli, hata kuhusu vidonge unavyomeza kwa siri. Kisha anaweza kukutuma kwa mshauri nasaha au daktari wa akili.

Ukiona haya kwenda peke yako, mwambie shangazi au rafiki mfuatane. Usingoje mpaka uanguke.