Ngala, ajali na gharama zisizo na risiti

Hayati Ronald Gideon Ngala hutajwa panapotajwa majimbo, na aghalabu mazungumzo huishia hapo. Husahaulika kwamba kabla ya siasa alikuwa mwalimu, kwamba aliwahi kuwa Waziri wa Kazi, na kwamba maisha yake yalikatizwa na ajali ya barabarani. Mambo hayo matatu yanakutana katika swali linaloziumiza nyumba nyingi kutoka Mtwapa hadi Malindi: mtu akijeruhiwa kwa kosa la mwingine, nani hulipa hospitali, na hulipa hadi kiasi gani?

Ngala alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 upande wa Kaloleni, katika nchi ya Wagiriama. Alisoma Alliance, kisha Makerere alikohitimu ualimu. Alifundisha Kaloleni, Mbale kule Taita, na Buxton mjini Mombasa. Mwaka 1949 kilitoka kitabu chake, Nchi na Desturi za Wagiriama. Sisi tunaosomesha lugha hatuna budi kukitazama kwa heshima, maana mwalimu kijana aliziandika mila za kwao kwa Kiswahili, ili msomaji wa Lamu au wa Tanga naye azijue. Wagiriama walikuwa na hesabu yao ya madhara. Waliita kore malipo ambayo ukoo wa muuaji uliutolea ukoo wa aliyeuawa. Majirani zao Waislamu wa mwambao walikuwa na dia. Deni lilibebwa na jamaa, na ushahidi ulikaa vinywani mwa wazee.

Mwaka 1957 aliingia Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1960 akawa kiongozi wa KADU, na mwaka huo huo akashika Wizara ya Kazi. Wakati huo sheria ya fidia kwa wafanyakazi ilikuwa imekwisha kuwapo. Uzuri wake ni kwamba kibarua wa mkonge wa Vipingo aliyekatwa kidole na mashine hakulazimika kuthibitisha kosa la mwajiri; ubaya wake ni kwamba alipewa kile tu kilichopangwa na sheria. Mapatano hayo yangali nasi. Sheria ya mwaka 2007 iliyochukua nafasi yake inamtaka mwajiri alipe gharama za matibabu zinazostahili, lakini inamzuia mfanyakazi kumshtaki mwajiri huyo mahakamani adai zaidi. Mahakama ya Juu iliithibitisha sheria hiyo Desemba 2019.

Yaliyofuata yanajulikana: aliongoza serikali mwaka 1961, KADU ikavunjwa mwaka 1964, naye akarudi katika baraza la mawaziri chini ya Mzee Kenyatta. Desemba 1972, akiwa Waziri wa Nguvu za Umeme na Mawasiliano, gari lake lilipata ajali karibu na Konza, katika barabara ya Mombasa na Nairobi. Alifariki tarehe 25 mwezi huo kutokana na majeraha. Habari ya nyuki walioingia garini imejadiliwa tangu siku hiyo, na wako wasioiamini hata leo. Mjadala huo umetushughulisha mno, hata hatujiulizi jambo ambalo si la siri: siku za hospitali kati ya ajali na kifo huhesabiwaje kwa abiria asiye waziri?

Huhesabiwa kwa karatasi. Mahakama zetu hutenganisha fidia ya jumla, yaani ya maumivu, ambayo jaji huikadiria, na fidia maalumu, yaani ya fedha zilizokwisha kutumika. Hii ya pili lazima itajwe shilingi kwa shilingi katika hati ya madai na ithibitishwe barabara. Hata matibabu ya baadaye, kama vile kutolewa chuma mguuni, yasipotajwa katika hati hiyo huweza kukataliwa. Sasa mtazame majeruhi wa Gotani. Nauli ya kumpeleka Mombasa, dawa zilizonunuliwa usiku, ujira wa mganga wa kuunga mifupa, vyote vimelipwa kwa mchango wa jamaa, na hakuna aliyeandika lolote. Fedha zimetoka kweli. Mbele ya sheria hazikutoka.

Kuna na mipaka mingine. Dai la jeraha hufunguliwa ndani ya miaka 3. Likiwa dhidi ya serikali, ndani ya miezi 12. Majeruhi akifa, jamaa hawawezi kudai gharama za hospitali kwa niaba yake mpaka wapate hati ya kusimamia mirathi. Kisha, tangu mwaka 2006, sheria ya bima ya magari haiilazimishi kampuni kumlipa mtu mmoja zaidi ya shilingi milioni 3. Kinachozidi atafutwe mwenye kosa mwenyewe, na wengi wa hao hawana kitu.

Kikomo hicho kwangu si cha haki, maana bei ya vitanda na dawa haikusimama mwaka 2006. Lakini kukibadili ni kazi ya Bunge. Suala la karatasi liko karibu zaidi nasi. Katika insha za kiuamilifu tunawafundisha wanafunzi kuandika barua, ratiba na kumbukumbu za mkutano. Mwalimu wa Kilifi anaweza kuongeza zoezi moja: daftari la majeruhi, lenye tarehe, kilicholipiwa, kiasi, jina la aliyepokea na sahihi yake.