Constantine: Mtawala Aliyesema Kupitia Chenji

Wengi wetu tunamjua Constantine kama kaisari wa Roma aliyegeuka Mkristo, basi. Sarafu zake za shaba zina habari ndefu zaidi.

Alizaliwa Naissus, katika Serbia ya leo, miaka ya 270. Baba yake Constantius alipofariki York, Uingereza, mwaka 306, jeshi likamtangaza yeye mtawala. Shida ni kwamba waliokitaka kiti walikuwa wengi. Bila redio wala gazeti, utamwambiaje muuza mikate kwamba mkubwa ni wewe? Unaweka sura yako kwenye pesa yake.

Kuanzia mwaka 310 hivi, nyuma ya sura hiyo alisimama Sol, mungu jua: miale kichwani, mkono wa kulia juu, wa kushoto umeshika tufe. Maandishi yalimwita mwenzi wa mtawala, asiyeshindwa.

Tarehe 28 Oktoba 312, Constantine alimshinda Maxentius kwenye Daraja la Milvio, akauhesabu ushindi kuwa wa Mungu wa Wakristo. Mwaka uliofuata, yeye na Licinius wakawapa Wakristo uhuru wa kuabudu. Lakini Sol hakuondoka! Aliendelea kutokea kwenye shaba miaka kadhaa. Askari na wakulima wengi bado walikuwa wa miungu ya zamani, na mjanja habomoi nyumba wenyewe wakiwa ndani.

Mwaka 326 aliamuru mwanawe Crispus auawe. Mkewe Fausta naye akafa mwaka huohuo. Nyuso zao zikatoweka kwenye sarafu mpya, kimya kimya.

Mwaka 330 akazindua Constantinople, Istanbul ya leo. Zikatoka pia sarafu ndogo za mbwamwitu jike akiwanyonyesha Romulus na Remus, kama kuiambia Roma kongwe kwamba haijasahauliwa.

Alibatizwa akiwa karibu kufa, akafariki tarehe 22 Mei 337. Wanawe wakatoa sarafu inayomwonyesha amejitanda, akipaa kwa gari la farasi wanne, na mkono ukishuka kumpokea. Mkristo aliona mkono wa Mungu. Mwingine aliona gari la jua. Kila mmoja akaenda sokoni ameridhika.

Kwa hiyo ukirudishiwa chenji kantini, igeuze kidogo. Picha ile kuna mtu aliichagua, akijua itafika mkononi mwako.