Angelo Mosso, munganga aliyepima damu ya ubongo kwa mizani

Leo munganga akitaka kujua kama damu inafika vizuri katika ubongo wa mugonjwa, anaweza kumulaza ndani ya mashini ya IRM na kuipima bila kisu. Kati ya watu wa kwanza waliojaribu kazi hiyo bila kufungua kichwa ni Angelo Mosso.

Alizaliwa tarehe 30 Mei 1846 katika muji wa Turin, inchini Italia, katika jamaa maskini. Baba yake alikuwa fundi wa mbao, mama yake mushonaji. Alisoma uganga, akaendelea kule Leipzig, Ujerumani, kwa profesa Carl Ludwig. Mwaka wa 1879 akawa profesa wa fiziolojia kwenye universite ya Turin.

Alimufuata mukulima mumoja, Bertino, aliyeangukiwa na tofali likamutoboa mufupa wa kichwa. Kupitia tundu lile, Mosso alipima ubongo ukipiga pamoja na moyo. Siku moja kengele ya kanisa ililia saa sita ya muchana, mapigo ya ubongo yakaongezeka, lakini yale ya mukono yakabaki vilevile. Alipomuuliza kama kengele ilimukumbusha sala, yakaongezeka tena.

Lakini mutu mwenye afya hana tundu kichwani. Ndipo Mosso akatengeneza meza ya mbao inayoinama huku na huku kama mizani. Mutu alilala juu yake, akasawazishwa, kisha akapewa kitu cha kusoma. Kwa maelezo ya Mosso, masomo yakiwa magumu, upande wa kichwa ulishuka, kwa sababu damu ilizidi kule.

Mizani ile ilikuwa na kasoro. Hata pumzi iliitikisa. Haikuonyesha ni sehemu gani ya ubongo imepata damu, wala ni damu kiasi gani inapita kila dakika. Mosso alifariki tarehe 24 Novemba 1910 bila kupata jibu hilo.

Mwaka wa 1992, watafiti wa Marekani walionyesha kwa panya kwamba IRM inaweza kutia alama kwenye maji ya damu kabla hayajafika kichwani, bila kudunga dawa yoyote. Kwa mutu muzima mwenye afya, hesabu ni karibu mililita 50 za damu kwa gramu 100 za ubongo, kila dakika. Hesabu ikishuka sana mahali fulani, kama kwa mugonjwa wa kiharusi, munganga anajua ni sehemu gani inakosa damu.